Ufito wa Saba

Fundi Rajabu,

Nakuandikia kwenye karatasi za grafu, zile zenye viraba vidogo vya kijani, kwa sababu nadhani Akinyi anasoma kila ninachoandika kwenye daftari. Akinyi ndiye mama anayenipikia na kunishika mkono ninapokwenda msalani. Ni mtu mwema, labda. Lakini juzi nilikuta daftari langu limefungwa na mimi nililiacha wazi, na nilipomuuliza akasema alikuwa anapangusa vumbi. Vumbi gani, kwenye meza iliyopanguswa asubuhi hiyohiyo? Karatasi za grafu hazigusi. Anadhani ni hesabu.

Moyo wangu umechoka. Daktari haniambii hivyo. Anamwambia mwanangu Maina kwa simu, kisha Maina ananiambia niko sawa, kwa sauti ileile aliyotumia kudanganya tangu akiwa darasa la tatu. Miguu imevimba na nalala nimeketi. Kwa hiyo sina muda wa kuzunguka. Nina jambo ambalo ungepaswa kulisikia ukiwa hai, na Jumamosi hii kuna mtu anakuja kuchukua kitu humu nyumbani. Kikitoka kilivyo, uongo wangu utawekwa ndani ya kabati la kioo na kuandikwa jina.

Mtu huyo ni Zuhura, binti yako.

Alikuja mara ya kwanza majuma machache baada ya kukuzika pale Kariokor. Mimi sikuwa nimesikia. Aliketi kwenye kochi la dirishani, akaweka mahamri mezani, akanieleza ulivyoondoka kwa utulivu baada ya swala ya alfajiri. Akasema miaka ya mwisho ulikuwa husikii tena kabisa, nyundo za mafundi wa Kamukunji zilikuwa zimemaliza masikio yako, ikabidi wakuandikie kwenye ubao mdogo kila walichotaka kukuambia. Halafu akasema, "Baba aliniambia nikitaka kuielewa antena, nikutafute wewe." Anafundisha umeme kwenye chuo cha ufundi, hilo ulilijua. Nilimpa pole. Pumzi ilinikatika kidogo, akadhani ni majonzi.

Tangu hapo anakuja kila Jumamosi. Nakuuliza, Rajabu, nani huja Buruburu kila Jumamosi kumwona mzee asiye wa ukoo wake wala wa dini yake? Hata Maina, damu yangu mwenyewe, huja mwisho wa mwezi na kuangalia saa. Huyu anakaa. Ananiuliza juu ya pembe za koni, juu ya ukinzani wa umeme, juu ya kwa nini tulitumia fito na si bati. Maswali mazuri. Mazuri mno. Kila jibu analiandika, na mimi naitazama ile kalamu yake kama mshtakiwa anavyomtazama karani.

Mwezi uliopita aliomba kuiona ile antena ya kwanza. Akinyi akaishusha kutoka juu ya kabati. Bado imevaa nguo zake za turubai, zile alizozishona mkeo. Zuhura aliiweka magotini, akapitisha kidole kwenye mshono wa koni ya kushoto, polepole, kutoka nchani hadi mwisho. Kisha wa kulia. Kisha akarudi kwenye ule wa kushoto.

"Huu si mshono wa mama," alisema.

Hakuuliza. Alisema tu, halafu akataka kujua kama niongezewe chai.

Na Jumamosi iliyopita akaja na karatasi iliyochapwa. Chuo chao kina kabati la kioo pale mlangoni na wanataka kuiweka humo. Karatasi yenyewe inasema: antena ya koni mbili kwa vipimo vya mkanda mpana, imesanifiwa na kujengwa na Mhandisi, halafu jina langu lote hadi lile la ubatizo. Akanikabidhi, akasema, "Isome vizuri, Mzee, uniambie kama kuna kosa."

Kama kuna kosa. Kwa nini aseme hivyo? Mtu anayeleta karatasi ya heshima husema tazama, tumekuandika. Hasemi kama kuna kosa. Nilimwambia nitaisoma, macho yananisumbua. Akasema hakuna haraka, atakuja Jumamosi kuichukua pamoja na antena. Nilimwangalia akivaa viatu mlangoni. Alikuwa akitabasamu, ama mimi nilidhani anatabasamu.

Wewe, ulimwambia nini yule mtoto?

Acha nirudi nyuma. Najua unayajua haya, lakini nataka yaandikwe kwa mpangilio, na mkono wangu.

Ofisi yetu ya vipimo ilikuwa Industrial Area, ghorofa ya chini, nyuma ya ghala la magunia. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Mashine za viwandani, mota, taa, hata redio zenyewe, hutoa kelele za umeme ambazo sikio la mtu halizipati, na kelele hizo huvuruga mawasiliano ya wengine. Sasa, antena ya kawaida husikia masafa machache vizuri na mengine vibaya. Ukibadilisha masafa, unabadilisha antena. Mimi nilitaka moja ya kusikia mkanda mzima wa masafa bila kuguswa. Koni mbili zinazotazamana kwa ncha zinaweza. Kwenye vitabu, koni isiyo na mwisho ina uzuri wa ajabu: pembe yake peke yake ndiyo inayoamua ukinzani, wimbi liwe refu au fupi. Lakini hakuna koni isiyo na mwisho. Lazima uikate mahali, na pale ulipoikata wimbi linagonga ukingo na kurudi. Miezi minane nilikuwa nikihesabu hayo yanayorudi. Kisha nikachora: kila koni ni fito sita za shaba, zinapanuka kutoka nchani, zinakunjwa, zinarudi kukutana kwenye mhimili wa katikati. Fito sita badala ya bati, ili iwe nyepesi na tuweze kuibeba hadi viwandani.

Nilitafuta fundi. Nikaambiwa nenda Kamukunji, umwulize Rajabu wa vizimba.

Nakukumbuka umechuchumaa katikati ya makelele yale, masanduku ya shule yamepangwa upande mmoja na vizimba vya kuku upande mwingine. Uliutazama mchoro wangu ukiwa juu chini, kisha ukaugeuza. Wenzako wakakusanyika. Mmoja akasema, "Rajabu, hii ni kizimba ya kuku ya nani, kuku ya waziri?" Mwingine akasema ni ya kuku wa majini, ndiyo maana ina vichwa viwili. Wewe hukucheka. Uliniuliza hiki ni nini, nikakuambia ni sikio. Ukasema, basi tutalitengeneza.

Ulileta jozi ile ya koni baada ya wiki mbili, na tayari imevishwa. Nilikuwa nimekueleza kwamba fito zitakuwa zinanaswa na kila kitu garini, na mkeo akashona nguo za turubai, zimebana sawasawa, mshono mdogo kama wa mashine na ulikuwa wa mkono. Mawimbi hupita kwenye turubai bila habari nayo. Nilifurahi. Lakini nilipoibeba niliona ni nzito kidogo kuliko nilivyotarajia, na palepale, Rajabu, kabla hata sijaipima, nikakushuku. Nikadhani umetumia fito nene za bei rahisi, ama umemwaga lehemu ovyo. Nikakusomea mbele ya watu wa ofisi: mchoro ni mchoro, usiongeze, usipunguze. Ulisema, "Sawa, Mhandisi."

Tukaipima. Ilikuwa safi kutoka chini hadi juu. Grafu ilitambaa laini bila shimo hata moja. Ikawa ndiyo rejea ya maabara, kipimo ambacho vipimo vingine vyote vinalinganishwa nacho. Na rejea haifunguliwi. Imepimwa ikiwa na nguo yake, ukiifumua uzi mmoja tu unalazimika kuanza upya. Sheria hiyo niliiandika mimi.

Kisha nikakuagiza jozi ya pili. Wakati huo barua yako ilikuwa inaandaliwa, ya kuajiriwa kuwa fundi wa karakana yetu, kazi ya kudumu, yenye kivuli na mlango wa kufunga kelele nje. Mimi ndiye niliyekupendekeza, na wewe ulikuwa umeshamwambia mkeo.

Jozi ya pili ilikuwa na shimo. Karibu na megahezi mia tatu grafu ilianguka ghafla kama mtu aliyekosea ngazi, kisha ikapanda tena. Nilipima mara tano. Nikafumua nguo, nikahesabu fito: sita na sita. Nikapima pembe, urefu, mikunjo. Kila kitu kilikuwa sawa na mchoro, na kwangu mimi hilo ndilo lililokutia hatiani. Kama mchoro ni sahihi na kazi inafanana na mchoro, basi kosa limefichwa mahali ambapo jicho halifiki, chini ya lehemu. Na nani anaficha kitu chini ya lehemu? Nikajiambia umeshapata uhakika wa kazi, umewapa vijana wa karakana nyingine wakufanyie. Ama mtu amekutuma. Nilikuwa na orodha ya watu ambao wangeweza kukutuma.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikuifungua ile ya kwanza nikazilinganisha. Rejea haifunguliwi.

Nilikuita. Ulisimama mbele ya meza yangu na kofia mkononi, na wasaidizi wawili walikuwa wanasikia. Nilisema maneno ambayo sitayarudia kwenye karatasi. Wewe ulisema sentensi moja tu: "Nimefuata mchoro, Mhandisi. Safari hii nimefuata."

Safari hii. Niliyasikia maneno hayo mawili, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kusikia, nikayaacha yapite. Ulipotoka nikaandika kwenye faili lako mistari miwili: Fundi huyu haaminiki. Asipewe kazi yoyote ya ofisi hii. Nikatia saini. Barua yako ya kazi haikutoka. Wiki iliyofuata ulikuja, askari wa getini akakurudisha. Nilikuona kupitia dirishani. Ulisimama kidogo ukitazama jengo, kisha ukavuka barabara.

Baada ya miezi michache ofisi ilinunua antena ya nje ya nchi ikawa rejea mpya, nami nikaomba ile ya kwanza nije nayo nyumbani. Sasa haikuwa rejea tena. Jumapili baada ya kanisa, mke wangu akiwa jikoni, niliiweka kwenye meza hii ninayoandikia na kukata mshono wa kushoto.

Kulikuwa na fito saba.

Ule wa saba ulikuwa umekingama ndani, mshazari, kutoka kwenye mkunjo wa ufito mmoja hadi kwenye mhimili. Mfupi, umelehemiwa vizuri kuliko yote. Niliipapasa koni ya kulia kupitia turubai na humo pia nikaukuta. Ningeweza kupapasa hivyo siku yoyote, bila kukata uzi. Nilikaa chini. Nikakumbuka vizimba vyako vya kuku: hakuna hata kimoja kisicho na mshazari. Uliwahi kunieleza, nilipokuwa sijali, kwamba kizimba bila mshazari kinaanza kulala upande kabla mnunuzi hajafika stejini kupanda matatu. Hukuongeza ufito ule kwa sababu ya mawimbi. Uliongeza kwa sababu mkono wako haujui kutengeneza kizimba bila kuutia. Halafu nikakugombeza, na kwenye jozi ya pili ukauzuia mkono wako. Ukanitii.

Nilipiga hesabu jioni ile na siku zilizofuata. Nafasi iliyo ndani ya kizimba ina mlio wake yenyewe, kama bilauri inavyolia ukiigonga, na mlio huo ulikuwa ukimeza kipimo pale karibu na mia tatu. Ufito wa saba ni kidole kilichowekwa kwenye bilauri. Mimi niliyehesabu miezi minane sikuwa nimeuhesabu mlio huo hata kidogo. Shimo lilikuwa langu.

Na hapa ndipo uliponipoteza, ama nilipojipoteza. Makosa ya kwanza naweza kuyaita upumbavu. Haya hayana jina hilo. Nilichukua mchoro nikauchora ule ufito wa saba, nikaandika pembeni, marekebisho, nikatia saini yangu. Karakana nyingine ikatengeneza jozi ya tatu. Shimo likatoweka. Nilisimama mbele ya wahandisi wenzangu nikaeleza nilivyoligundua tatizo kwa uchambuzi, na wakapiga makofi, na mwaka uliofuata nikawa mkuu wa idara. Sindano niliitoa kwenye kikapu cha mke wangu. Nilishona ile nguo kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua, ili asitokee mtu wa kuona kwamba ufito ulikuwepo kabla ya mchoro. Ile mistari miwili kwenye faili lako sikuigusa. Kuifuta kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu.

Tulikutana mara nyingi baada ya hapo. Nairobi hii ya Eastlands si kubwa kama inavyodhaniwa. Pale Kariokor nikinunua mkanda, Jogoo Road mbele ya duka la dawa, mara moja kwenye mazishi ya mtu tuliyemjua sote. Kila mara ulinisalimia kwa mikono miwili, na kila mara uliniuliza swali lile lile.

"Mhandisi, lile sikio letu bado linasikia?"

Letu. Nilijibu linasikia, nikitembea haraka. Njiani nililigeuzageuza swali lako. Ulikuwa unanidhihaki? Ulikuwa umesikia habari za jozi ya tatu na ufito wake? Kamukunji habari zinazunguka. Karakana ile nyingine ilikuwa hatua chache kutoka kwako, na lazima mtu alikuonyesha mchoro wangu mpya, na lazima uliutambua mshazari wako kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Basi kwa nini hukusema? Ulikuwa unangoja nini? Nilianza kuvuka barabara nikikuona. Nilikushuku ukiwa huna kosa, nikakushuku tena kwa sababu hukunilaumu, na sasa umekufa na namshuku mwanao kwa kuniletea mahamri.

Leo asubuhi nimeomba wembe.

Akinyi alinitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza ni yeye aliyenishuku mimi. Nikamwambia ni wa kukata uzi. Akauleta, lakini akavuta kiti akaketi karibu, mikono tayari. Niliifumua koni ya kushoto, mishono yangu mibaya, mmoja baada ya mwingine, nikipumzika katikati. Ilichukua asubuhi nzima. Mshono wa mkeo upande wa kulia sikuugusa. Turubai ilipofunguka, Akinyi akainama, akatazama ndani, akasema:

"Mzee, hii kijiti imekingama hapa ndani ni ya nini?"

Nikamwambia hicho ndicho kazi yenyewe. Kilichobaki kiko vitabuni. Nikamwambia kiliwekwa na fundi Rajabu Salehe, wa Kamukunji, na kwamba mimi nilikaa karibu na kitu hiki muda mrefu bila kukiona.

"Lakini si inaonekana tu," akasema, akaenda kutazama chungu.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitaja jina lako juu ya ufito ule kwa sauti. Nimelitaja kwa mtu niliyedhani ananipeleleza. Wala jengo halikuanguka.

Kwa hiyo nimefanya haya. Kwenye karatasi ya Zuhura nimekata maneno nikaandika kwa wino: imejengwa na Fundi Rajabu Salehe, ambaye aliongeza ufito wa saba, bila huo haisikii sawasawa. Kwenye mchoro nimefuta saini yangu pembeni ya marekebisho na kuandika jina lako, na chini yake nimeeleza niliyoyafanya. Nimeiandikia pia ile ofisi ya zamani, kwamba mistari miwili iliyo kwenye faili lako ni ya uongo, mwandishi ni mimi, na nawaomba barua hiyo iwekwe juu yake, si nyuma. Huenda faili lenyewe lilishaoza. Watalitafuta au hawatalitafuta. Mimi nimeandika.

Bado sijui kama Zuhura anajua. Nimeligeuza jambo hili pande zote kama nilivyoigeuza grafu ile. Labda mama yake alikuona ukiutia ufito ule, akashona juu yake, akamsimulia binti. Labda yeye anaujua mshono wa mama yake tu na hajui zaidi. Labda kila Jumamosi amekuwa akinipa nafasi, na mimi nikiiita mtego. Ama anapenda antena, kwa kuwa baba yake alizipenda. Nimechoka kupima watu, Rajabu. Kifaa changu kina shimo, na sasa najua liko wapi.

Jumamosi atakapofika, kabla ya chai, nitamsomea karatasi hizi zote na koni ikiwa wazi mezani. Nitamsomea hata hapo nilipomshuku. Akitaka kuinuka aende, aende na antena yake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na moyo ukinigomea kabla ya siku hiyo, nimeshaipangia njia: barua hii naikunja sasa hivi na kumpa Akinyi mkononi, pamoja na mchoro na zile karatasi nyingine, amkabidhi Zuhura. Sikuitia kwenye bahasha. Akitaka kusoma, asome.

Lala salama, Fundi. Pale ulipo natumaini hakuna nyundo, na kwamba masikio yako yamerudishwa.

Uliniuliza swali mara nyingi barabarani, nami nikakujibu nikikimbia. Leo nimesimama, kadiri mtu aliyevimba miguu anavyoweza kusimama. Linasikia, Rajabu. Lile sikio lako bado linasikia, kutoka chini hadi juu, bila shimo.

Mhandisi wako wa Buruburu